Maswali Yenu: J.B. Hunt, Kampuni ya Malori Iliyoanzia Kwenye Pumba za Mpunga

Toleo lililopita tuliigusia kidogo J.B. Hunt, kampuni ya usafirishaji ya Marekani yenye makao yake mji mdogo wa Lowell, jimbo la Arkansas, tukasema ni kati ya kampuni kubwa kabisa za malori nchini humo. Kumbe tumewasha moto, meseji zimeingia nyingi kuliko mada yoyote mwaka huu. Nyingi zinafanana kwa hiyo nimeziunganisha, na nimewajibu kwa urefu pale ambapo kweli kuna cha kueleza.

Swali: Shikamoo mhariri. Hivi J.B. Hunt ni jina la mtu au ni kifupi cha maneno? Na nimesikia alianza na mambo ya kuku, mimi ni mfugaji ndo maana nimeshtuka, kuku na malori wapi na wapi?

Marahaba, na karibu sana. Ni jina la mtu kabisa, Johnnie Bryan Hunt, alizaliwa Arkansas mwaka 1927 kwenye familia ya kawaida, shule akaishia darasa la saba akaingia kazini kwenye mashine ya kupasua mbao, baadaye akapita jeshini, na akaendesha malori ya watu kwa miaka mingi. Kwa hiyo alikuwa dereva kwanza, na mimi naona hilo lilimsaidia baadaye kuliko darasa lolote ambalo angekaa.

Sasa kuku wanaingiaje. Kule mashariki mwa Arkansas wanalima mpunga sana, na katika safari zake alikuwa anapita anaona viwanda vya kukoboa vinachoma pumba, marundo kwa marundo, moshi juu, maana hazina mteja na zinajaza eneo. Upande mwingine wa jimbo hilohilo kuna wafugaji wa kuku wa nyama wanaohangaika kupata kitu kikavu cha kutandaza chini ya banda. We kama mfugaji unajua pumba zinavyonyonya unyevu. Jamaa akaunganisha hizo pande mbili, mwaka 1961 akafungua kampuni ya kushindilia pumba na kuwauzia wafugaji, kiwanda kikiwa Stuttgart ya hukohuko Arkansas, mji wa mpunga. Mtaji ulikuwa shida, ikabidi auze hisa kwa watu wa sekta ya kuku na wengineo, na hata Winthrop Rockefeller ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa Arkansas alimshika mkono. Mwaka wa kwanza walikula hasara. Kilichowasumbua ni kwamba pumba ni nyepesi mno, ukijaza gari unakuwa umebeba hewa tupu, kwa hiyo bila mashine ya kuzishindilia vizuri nauli inakula faida yote. Hilo walilitatua na biashara ikasimama.

Malori yalikuja 1969. Walinunua malori 5 na trela 7 za friji, yaani za kubebea vitu vya baridi, kama biashara ya pembeni tu. Na hapa lazima nimtaje mkewe, Johnelle Hunt, maana watu wakisimulia habari hii wanamruka. Huyu mama ndiye aliyekuwa anashika vitabu na ndiye aliyekuwa anapiga simu kwa wateja kudai, na kwenye usafirishaji kudai ni nusu ya kazi, kwa sababu dizeli unalipa leo, dereva unamlipa wiki hii, mteja anakulipa akijisikia. Kampuni ngapi za malori zimekufa zikiwa na kazi nyingi tu barabarani kwa sababu hela iko mikononi mwa watu? Nyingi sana.

Swali: Kila nikisoma historia ya malori ya Marekani nakutana na mwaka 1980, kabla ya hapo na baada ya hapo. Kulitokea nini?

Sheria ilibadilika. Tangu 1935 malori ya kubeba mizigo ya watu kutoka jimbo moja kwenda jingine yalikuwa chini ya tume ya serikali kuu iliyoitwa Interstate Commerce Commission, na tume hiyo ndo ilikuwa inatoa vibali. Kibali chenyewe kilikuwa hakisemi tu "we ni msafirishaji", kilikuwa kinataja unabeba bidhaa gani na unapita njia gani, na ukitaka kuongeza njia unatakiwa uthibitishe kwamba umma unaihitaji huduma yako, halafu kampuni ambazo tayari ziko kwenye njia hiyo zinaruhusiwa kuja kupinga. Ni sawa na kufungua duka kwa ruhusa ya mwenye duka aliyekutangulia. Na nauli nazo zilikuwa zinapangwa kwa pamoja na wasafirishaji wenyewe kupitia vyombo vyao, sheria inawaruhusu.

Matokeo yake ni kitu kinachoniuma mpaka leo nikikisoma: gari linapeleka mzigo upande mmoja linarudi tupu, si kwa sababu mzigo wa kurudi haupo, mzigo upo, ila kibali hakimruhusu kuubeba. Dizeli inaungua bure na mwisho wa siku anayelipa ni mnunuzi dukani. Mazao ya shambani yasiyosindikwa yalikuwa yamesamehewa kwenye utaratibu huo, ila ukitoka hapo ni makaratasi na mawakili.

Tarehe 1 Julai 1980 Rais Jimmy Carter akasaini sheria mpya ya malori, Motor Carrier Act, milango ikafunguliwa, na Oktoba mwaka huohuo akasaini sheria nyingine iliyozilegezea kamba kampuni za reli, hiyo itunze kichwani tutairudia. Ikawa sasa ukiwa na gari lisilo bovu na bima na unafuata sheria unaingia sokoni, bei unapatana na mteja. Maelfu ya kampuni mpya yakazaliwa, na baadhi ya kampuni kubwa za zamani, zilizozoea kulindwa, zikaanza kuanguka moja moja. J.B. Hunt walikuwa bado wadogo kwa hiyo hawakuwa na cha kupoteza, gharama zao ziko chini, wakakimbia. 1983 wakaingia soko la hisa, na mwaka huohuo wakaachana na biashara ya pumba ili waweke nguvu zote kwenye malori.

Swali: Mbona nikiangalia picha za treni za mizigo za Marekani naona kontena zimeandikwa J.B. Hunt? Si ni kampuni ya malori? Reli si mshindani wao?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote na nitakaa hapa kidogo.

Miaka ya themanini watu wa reli na watu wa malori walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Reli inaona malori yameiba mizigo yake yote mizuri, malori yanaona reli ni wazembe, wanachelewa, wanavunja mizigo. Na ukweli reli walikuwa na sifa mbaya kweli. Sasa mwaka 1989 rais wa reli ya Santa Fe, Michael Haverty, akamwalika Johnnie Hunt wapande treni pamoja waone wenyewe huduma ya mizigo ya kasi kutoka Chicago. Mzee Hunt mtu wa barabara, amekaa kwenye behewa anaangalia nje, reli inakimbia sambamba na malori barabarani. Wakapeana mikono. Makubaliano makubwa ya kwanza ya namna ile kati ya kampuni kubwa ya malori ya masafa na kampuni ya reli yakaanzia hapo, na 1990 huduma ikaanza kati ya Chicago na Kalifonia.

Sasa fikiria hesabu iliyokuwa mbele yake. Chicago hadi Los Angeles ni zaidi ya kilomita 3,200. Dereva mmoja kwa sheria zao anatumia siku tatu hadi nne, analala garini, na akifika huko inabidi umtafutie mzigo wa kumrudisha la sivyo umekula hasara. Ukiwa na trela 200 za kwenda huko unahitaji madereva 200 walio mbali na nyumbani wiki nzima. Treni moja inazibeba zote na watu wawili mbele, na kwa kila tani inayobebwa reli inatumia mafuta kidogo mno, lori linatumia mara tatu hadi nne ya hapo. Ile sheria ya reli niliyowaambia muitunze ndo iliruhusu reli kuingia mikataba ya siri na mteja mmoja mmoja kwa bei ya kupatana, bila hiyo wasingeweza kukaa mezani hivi.

Mwanzoni walikuwa wanapandisha trela zima na matairi yake juu ya behewa. Ni rahisi kuanza hivyo lakini unasafirisha matairi na chasi, yaani lile fremu la chini linalobeba mzigo, visivyo na kazi yoyote njiani. Miaka michache baadaye wakahamia kwenye kontena, na kontena faida yake inapandana, moja chini moja juu, kwa hiyo treni yenye urefu uleule inabeba karibu mara mbili. Na hizi si zile za futi 20 na 40 mnazoziona zikishuka melini. Ni za futi 53, urefu sawa na trela la kawaida la Marekani, ili mteja aliyezoea kujaza trela ajaze kontena bila kubadili chochote ghalani kwake. Mtu mwenye godauni hajali mzigo wake ulipanda treni au la, anachotaka ni pale mlangoni lionekane trela.

Santa Fe iliungana na Burlington Northern mwaka 1995 ikawa BNSF, na J.B. Hunt wako nayo mpaka leo upande wa magharibi, mashariki kwa miaka mingi walitumia zaidi reli ya Norfolk Southern. Wamegombana pia, msidhani ni mapenzi matupu, mgawanyo wa mapato umewafikisha mbele ya wasuluhishi zaidi ya mara moja. Ila ndoa haikuvunjika, na 2022 walitangaza lengo la kufikisha kontena 150,000.

Swali: Mi nasoma ugavi chuo. Naomba unieleze kazi inavyoenda kila siku, mzigo unatokaje kwa mteja mpaka unafika, na kampuni inapata wapi hela hasa.

Mdogo wangu, nianze na hela maana jibu litakushangaza. Mwaka 2024 kampuni iliingiza dola bilioni 12 na ushee, na karibu nusu ilitoka kwenye hiyo kazi ya kontena na treni. Ya pili ni kuendesha magari kwa niaba ya mteja mmoja kwa mkataba wa miaka, kwamba duka kubwa au kiwanda hakitaki kumiliki malori, wanawapa J.B. Hunt wafanye kama ndo idara yao ya usafirishaji, madereva haohao, ratiba hiyohiyo, wakati mwingine na nembo ya mteja ubavuni. Halafu kuna udalali wa mizigo, kuna kupeleka vitu vikubwa kama friji na makochi mpaka ndani ya nyumba ya mnunuzi, na mwisho kuna kazi ya kubeba mzigo wa gari zima, yaani wa mteja mmoja unaojaza trela, barabarani moja kwa moja. Hiyo ya mwisho, ambayo ndo iliyowapa jina, kwa mapato leo ni ndogo kuliko zote tano.

Mzunguko wa kontena sasa. Kiwanda kinatoa oda kwenye mfumo. Dereva wa karibu, huyu analala nyumbani kwake kila siku, anachukua kontena tupu juu ya chasi anaipeleka kiwandani, na mara nyingi haisubiri kupakiwa, anaiacha mlangoni anachukua nyingine iliyojazwa jana. Anaipeleka uwanja wa reli. Getini kamera zinasoma namba, wanaangalia lakiri, anaelekezwa mstari. Kreni kubwa la matairi linakuja juu ya kontena linashusha mikono, linaishika, linainyanyua kutoka kwenye chasi na kuiweka ndani ya behewa lenye tumbo lililozama. Kabla kontena ya pili haijaja juu, wafanyakazi wanaweka vyuma vya kufungia kwenye pembe nne za ile ya chini, vipande vidogo vinashikika mkononi, na ndivyo vinavyozuia kontena la juu lisirushwe na upepo au kona. Upande wa pili kazi inafanyika kinyumenyume, dereva mwingine wa huko anaichukua kwenda kwa mpokeaji.

Umeona dereva hakuvuka nchi. Amefanya kilomita chache pande zote mbili na za katikati amefanya treni.

Sasa wewe wa ugavi weka macho hapa: kontena likishapakuliwa linaenda wapi? Hapo ndo akili ya kampuni inapopimwa. Mizigo haiendi sawa pande zote, kutoka Kalifonia kwenda ndani ya nchi ni mingi maana meli za Asia zinashushia kule Los Angeles na Long Beach, kurudi Kalifonia ni michache. Kwa hiyo kuna watu ofisini kazi yao asubuhi mpaka jioni ni kutafuta mzigo wa kurudia, na bei ya kurudi wanaishusha makusudi ili mtu avutike, kwa sababu kontena lililolipwa kidogo ni bora kuliko kontena tupu ambalo reli bado wanakuchaji kulibeba. Na kila siku kontena linapokaa kwa mteja akilitumia kama stoo, hiyo ni tripu moja imepotea. Ndo maana J.B. Hunt waliamua kumiliki kontena zao na chasi zao wenyewe badala ya kutegemea za kukodi uwanjani, ili wajue kila moja iko wapi na iko katika hali gani. Mtaji wake ni mkubwa mno ila dereva wao hafiki uwanjani akaambiwa chasi zimeisha.

Ukiandika tafiti yako ya chuo usihesabu malori. Hesabu kila kontena linapiga tripu ngapi kwa mwezi na linatembea tupu kilomita ngapi.

Swali: Mimi ni dereva wa masafa miaka mingi. Tunaambiwa madereva wa Marekani wanalipwa vizuri na sheria zinawalinda. Ni kweli? Na mbona wanaacha kazi sana?

Ndugu yangu pole na kazi. Ni kweli na si kweli.

Sheria ya saa iko hivi: baada ya kupumzika saa 10 mfululizo, unaruhusiwa kuendesha saa 11, lakini hizo 11 lazima ziishe ndani ya saa 14 tangu uanze kazi siku hiyo. Ukishaendesha saa 8 lazima upumzike nusu saa. Na kwa wiki kuna kikomo, saa 60 kwa siku 7 au 70 kwa siku 8. Tangu Desemba 2017 magari mengi yanatakiwa yawe na kifaa cha elektroniki kilichounganishwa na injini kinachorekodi yenyewe, zamani ilikuwa daftari na daftari kila dereva anajua lilivyokuwa linaandikwa.

Sasa tatizo liko kwenye hizo saa 14. Tuseme umeingia kazini saa moja asubuhi pale getini kwa mteja, saa 14 zako zinaisha saa tatu usiku. Mteja anakuweka foleni mpaka saa sita mchana ndo anakupakia. Saa yako haikusimama. Umebaki na saa 9, na humo utoe nusu saa ya kupumzika, ina maana uliyekuwa na haki ya kuendesha saa 11 leo unaishia nane na nusu. Na madereva wengi wa kampuni kubwa kule wanalipwa kwa maili, gari lisipotembea hela haitembei. Kampuni inaweza kumchaji mteja kwa kusubirisha gari, kawaida baada ya saa mbili za bure, ila si kila mteja anakubali kulipa na si kila senti inamfikia dereva. Mi naona huu ni uonevu wa wazi, anayechelewesha ni mmoja anayeumia ni mwingine.

Ndo maana wanaacha. Kwenye kampuni kubwa za kubeba mzigo wa gari zima, kwa miaka mingi kiwango cha madereva kuacha na kubadilishwa kimekuwa kikikaribia au hata kupita asilimia 90 kwa mwaka. Si kwamba wote wameacha udereva, wengi wanahama kampuni hii kwenda ile wakitafuta nafuu.

J.B. Hunt walipitia hayohayo miaka ya tisini, wanafundisha vijana wapya, vijana wanaondoka, wanafundisha wengine. Mwaka 1997 wakafanya jambo ambalo wenzao waliona ni wazimu, wakapandisha malipo ya madereva kwa kama theluthi moja kwa mkupuo na wakaanza kuchukua wenye uzoefu badala ya wanafunzi. Walioacha kazi wakapungua sana, ajali nazo zikapungua, na uamuzi huo wasomi wa uchumi wa usafirishaji wanaujadili mpaka leo. Hela waliyoongeza kwenye mshahara nyingine waliiokoa kwenye bima, mafunzo na magari yaliyopinduka. Mabosi wa malori kokote waliko ningependa walisome hilo taratibu.

Swali: Hiyo app yao ya mizigo inafanyaje kazi?

Inaitwa J.B. Hunt 360, ilitoka 2017. Mwenye mzigo anaweka mzigo wake anaona bei, mwenye gari, hata kama ana gari moja tu na hana uhusiano na kampuni, anaona mizigo iliyo karibu na pale alipo na anauchukua. Kampuni inakaa katikati inachukua chake. Faida kwao ni mbili, wanapata magari ambayo hawakuyanunua, na wanaona bei ya soko inavyopanda na kushuka. Ila udalali una ubaya wake, mizigo ikipungua sokoni hapo ndo panapoumia kwanza, na miaka ya karibuni pameumia kweli.

Swali: Kama ukubwa ni nguvu, mbona kampuni ya malori ya Yellow ilikufa? Nilisoma watu 30,000 walipoteza kazi.

Ni kweli, kama watu 30,000, na kampuni ilikuwa imebakiza mwaka mmoja itimize miaka 100, ilianza 1924 Oklahoma. Ilisimamisha kazi mwisho wa Julai 2023, Agosti ikaomba kinga ya kufilisika.

Kwanza elewa kazi yao ilikuwa tofauti. Hunt anabeba gari zima la mteja mmoja. Yellow walikuwa wanabeba kichele, mizigo midogo ya wateja wengi kwenye gari moja, na kichele hakiendi moja kwa moja. Jioni magari madogo yanakusanya mjini yanaleta kwenye kituo, usiku kituo kizima kimewaka taa, milango pande mbili, folklifti zinapita zinatoa paleti mlango huu kuingiza mlango ule kulingana na mji inakoenda, kabla hakujapambazuka trela zinaondoka kwenda kituo kingine, na huko zinapakuliwa na kupangwa upya. Gharama za vituo na watu haziondoki hata mzigo ukipungua, trela lililojaa nusu linaondoka nusu.

Yellow walinunua mshindani wao Roadway 2003, wakanunua na USF 2005, kwa madeni mazito, halafu 2008 uchumi ukaanguka wakiwa bado na vituo viwili viwili mji mmoja. Kuunganisha mifumo hiyo kuliwachukua miaka kumi na zaidi na hawakumaliza. 2020 serikali iliwakopesha dola milioni 700 na kuchukua karibu asilimia 30 ya hisa. Kufika 2023 wanataka kubadilisha mpangilio wa kazi, chama cha wafanyakazi cha Teamsters kinakataa, kinasema wanachama walishajitolea mishahara na pensheni yao miaka mingi kuiokoa kampuni hiyohiyo na hawana cha kutoa tena, na kwa kweli walikuwa wamejitolea. Tishio la mgomo likatangazwa katikati ya Julai. Wateja hawakusubiri kuona, hakuna anayetaka mzigo wake ufungiwe kwenye trela la watu waliogoma, ndani ya siku chache mizigo ikahamia kwingine na hela ya kuendeshea ikakauka. Vituo vyao viliuzwa kwa bei nzuri sana, wapinzani waligombania, na mkopo wa serikali ukalipwa na riba yake. Madereva waliokaa pale miaka thelathini wao wakaenda kuanza moja kwingine chini ya orodha, na zamu nzuri kule zinagawiwa kwa ukongwe.

Swali: Nani anaiongoza J.B. Hunt sasa, bado familia?

Hapana. Mzee Hunt alistaafu miaka ya tisini na alifariki Desemba 2006 baada ya kuteleza kwenye barafu na kuumia kichwa. Tangu Julai 2024 mkurugenzi mkuu ni Shelley Simpson, aliyeingia mwaka 1994 kama karani wa huduma kwa wateja analipwa kwa saa. Miaka thelathini ndani ya kampuni moja, na katikati hapo ndiye aliyeijenga idara ya udalali.

Swali: Malori yasiyo na dereva yatakuja kweli au ni porojo? Kijana wangu anataka kusomea udereva nimwambieje?

Mama, yameshakuja, ila kwa njia chache. Mwaka 2025 kampuni ya Aurora, inayotengeneza mifumo ya malori kujiendesha, ilianza kupeleka mizigo kati ya Dallas na Houston bila mtu nyuma ya usukani. J.B. Hunt wenyewe walifanya majaribio huko Texas na Waymo, kampuni ya magari yanayojiendesha, Waymo baadaye wakaachana na malori, halafu J.B. Hunt wakaingia na kampuni nyingine ya aina hiyo, Kodiak, wakibeba matairi ya Bridgestone kutoka South Carolina kwenda Dallas, hapo dereva wa akiba alikuwepo garini. Utaona zote ni barabara kuu ndefu zilizonyooka, na hali ya hewa ya kule kusini ni rafiki. Kurudi nyuma na trela la futi 53 kwenye mlango wa godauni lililobanana, kuangalia kama mzigo umefungwa sawa, kubishana na mlinzi getini, kupita mtaani wakati wa mvua, hayo bado ni ya mtu. Kijana asome, na akiwa shuleni ajifunze pia kukagua gari kwa makini na kutumia mifumo ya kompyuta ya upangaji wa mizigo, halafu ikiwezekana atafute kazi ya safari fupi za kwenda na kurudi viwanja vya reli na bandari, maana huko ndiko mashine itachelewa kufika.